Mgema, Dalali na Orodha ya Mvinyo

Wahenga wa pwani walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii imezoeleka mno hata watu wamesahau kuwa ndani yake mna kesi kamili: mna mtengenezaji, mna kinywaji, na mna hakimu anayeonja na kutoa kauli. Aghalabu lawama humwangukia mgema, kwamba sifa zimempumbaza akaiacha kazi yake. Lakini msifu naye ana lake la kujibu. Yeye ndiye aliyenena jana, kisha akaiacha kauli ya jana imsemee leo.

Tembo la mnazi lina tabia moja iliyomlinda mnywaji wake dhidi ya hadaa ya namna hiyo kwa karne nyingi: halikai. Lililogemwa alfajiri huwa tamu, alasiri limekwisha kuchachuka, na baada ya siku chache ni siki. Kwa hiyo mgema hawezi kuishi kwa sifa za mwaka juzi. Kila kibuyu huhukumiwa upya, na ulimi wa mteja ndio kadhi. Mvinyo wa zabibu sivyo ulivyo. Ule ulio bora huweza kukaa chupani miaka 20, 50, hata zaidi, ukauzwa na mtu asiyeuonja kwa mtu asiyewahi kuuonja, katika mji ambao mzabibu hauoti. Kinywaji cha namna hiyo huhitaji sifa zake ziandikwe. Na sifa zikishaandikwa na kupangwa safu kwa safu, jina huku na bei kule, ndipo hupatikana ile orodha ya mvinyo anayokabidhiwa mgeni juu ya paa la hoteli, iwe Paris au Mji Mkongwe wa Unguja.

Neno mvinyo lenyewe lilifika pwani na Wareno, ambao kwao kinywaji hicho ni vinho. Habari zake lakini zilitangulia kwa njia ya Kiarabu. Abunuwasi, ambaye watoto wa pwani wamekua wakimjua kuwa mjanja wa hekaya, alikuwa mtu kweli: Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad aliyeishi katika karne ya 8 na mwanzoni mwa karne ya 9, na umaarufu wake katika fasihi ya Kiarabu umesimama juu ya khamriyyat, yaani tungo za mvinyo. Katika tungo hizo mvinyo hupimwa kwa umri, kwa rangi, kwa jinsi unavyometa katika bilauri, na kwa mahali ulikotoka. Na kijiji cha Qutrabbul, karibu na Baghdad, kimebaki katika kumbukumbu za watu kwa sababu alikitaja. Hiyo nayo ilikuwa orodha, ila imefungwa kwa vina. Kwamba kinywaji chenyewe ni haramu, mshairi alilijua na wasikilizaji wake walilijua. Msomaji wa visiwani ambaye hajawahi kukionja, wala hatarajii, aweza kuifuata habari hii bila hasara yoyote, kwa kuwa linalobishaniwa humu ni haki ya kuhukumu.

Orodha iliyozizaa nyingine zote iliandikwa Bordeaux mwaka 1855. Mfalme Napoleon III alikuwa akiandaa Maonyesho ya Dunia ya Paris, na Chama cha Wafanyabiashara cha Bordeaux kikataka kupeleka mvinyo pamoja na maelezo ya daraja zake. Tarehe 5 Aprili kiliwaandikia madalali wa mji kuomba orodha hiyo, na tarehe 18 Aprili jibu likapatikana. Muda usiotimia wiki mbili! Ndani ya muda huo mashamba takriban 60 ya mvinyo mwekundu yaligawanywa katika madaraja matano, na manne yakawekwa daraja la kwanza: Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion. Mvinyo mtamu mweupe wa Sauternes na Barsac ulipata orodha yake, na juu kabisa, peke yake, likawekwa shamba la Yquem.

Madalali hawa hawakuketi kuonja. Walifungua madaftari yao wakatazama bei ambazo kila shamba lilikuwa limepata kwa miaka mingi, wakaandika. Kwa mantiki ya dalali jambo hilo ni sawa kabisa, kwani bei ya miaka mingi ni hukumu ya wanunuzi wengi waliokwisha kuonja na kulipa. Wala hawakuzua kitu kipya. Mwaka 1787 Thomas Jefferson, wakati huo balozi wa Marekani nchini Ufaransa, alipozuru Bordeaux aliyataja mashamba hayo hayo manne kuwa ndiyo ya kwanza. Madalali walichofanya ni kuyaweka katika wino mazungumzo ya sokoni, na hapo ndipo penye taabu, kwa sababu bei ya sokoni hupanda na kushuka ilhali wino haufanyi hivyo. Orodha iliyotengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya miezi michache inatumika mpaka leo. Mashamba yameuzwa, yamerithiwa, yamemega ardhi na kununua nyingine, na daraja limebaki kwa jina. Shamba la Cantemerle liliongezwa mwaka ule ule wa 1855. Tangu hapo ni badiliko moja tu la maana lililofanyika, pale Mouton lilipopandishwa kutoka daraja la pili hadi la kwanza mwaka 1973, kwa hati iliyotiwa saini na waziri wa kilimo, Jacques Chirac, baada ya mwenye shamba, Philippe de Rothschild, kulipigania jambo hilo kwa miongo mitano.

Je, mgema aliyesifiwa hivyo alitia maji? Si wa Bordeaux pekee, na si kwa mafumbo. Kuanzia miaka ya 1860 mdudu wa filoksera, aliyeletwa na miche kutoka Marekani, aliila mizizi ya mizabibu ya Ufaransa karibu nchi nzima, na dawa iliyopatikana hatimaye ilikuwa kuupandikiza mzabibu wa Kifaransa juu ya shina la Kimarekani. Katika miaka ya uhaba na iliyofuata, soko lilijaa mvinyo wa maji na sukari. Kusini mwa nchi, katika Languedoc, wakulima walioshindwa kuuza zao lao halali waliinuka mwaka 1907 wakiongozwa na Marcelin Albert, mkulima wa kijiji cha Argeliers. Tarehe 9 Juni mamia ya maelfu ya watu walijaa Montpellier. Siku kumi baadaye askari waliwafyatulia watu risasi mjini Narbonne, wakauawa watu kadhaa, na kikosi cha 17 cha jeshi la miguu, chenye vijana wa huko huko kusini, kikaasi. Tarehe 29 Juni ikapitishwa sheria ya kuzuia kutia maji katika mvinyo na matumizi mabaya ya sukari. Watu wamekufa, basi, kwa jambo ambalo methali ya pwani hulisema kwa utani.

Sheria nyingine zilifuata, hadi mwaka 1935 ulipowekwa utaratibu wa kitaifa wa kulinda majina ya mahali mvinyo unakotoka. Utaratibu huo ulimlinda mkulima dhidi ya mwizi wa jina. Ulilipa jina, vilevile, nguvu ambayo halikuwa nayo kabla.

Nguvu hiyo ilionekana wazi kuliko popote katika mkahawa wa La Tour d'Argent, ukingoni mwa mto Seine. Mwaka 1936 mwenyewe, André Terrail, aliuhamishia ghorofa ya juu kabisa ya jengo, ili mlaji apate kuliona kanisa la Notre-Dame akiwa mezani. Ni mahali penye mapenzi ya kuhesabu na kuandika: tangu mwaka 1890 kila bata anayeandaliwa hupewa namba yake. Orodha yake ya mvinyo ina kurasa 400 na uzito wa kilo 8, na mhudumu huileta kama mtu anayebeba msahafu wa zamani. Majeshi ya Ujerumani yalipoingia Paris Juni 1940, familia ya Terrail ilikuwa imekwisha kujenga ukuta katika ghala la chini ya ardhi na kuzificha nyuma yake chupa zilizo bora. Kati ya chupa za ghala hilo, 18,000 hivi ziliuzwa mnadani Desemba 2009, na ghala halikuonekana kupungua. Jikoni mambo yalikwenda vingine. Walaji wa siri wa kitabu cha Michelin, wanaokula bila kujitambulisha, waliunyang'anya mkahawa huo nyota yake ya tatu mwaka 1996 na ya pili mwaka 2006. Chakula kilihukumiwa na watu walioketi wakakila. Orodha iliendelea kustahiwa kwa uzito wake.

Msimamizi mkuu wa mvinyo wa mkahawa huo katika miaka ya 1970 alikuwa kijana, Christian Vannequé. Tarehe 24 Mei 1976 alikwenda katika hoteli ya InterContinental, si mbali na bustani ya Tuileries, akiwa mmoja wa mahakimu tisa walioalikwa na Steven Spurrier, Mwingereza mwenye duka la mvinyo mjini Paris, na mwenzake Patricia Gallagher. Marekani ilikuwa ikiadhimisha miaka 200 ya uhuru, na hao wawili walitaka Wafaransa wauonje mvinyo wa California. Walioketi mezani walikuwa wenye kauli. Pierre Brejoux alitoka katika taasisi ya serikali inayosimamia majina ya mvinyo. Aubert de Villaine alitoka katika shamba la Romanée-Conti, na Pierre Tari alimiliki Château Giscours, shamba lililomo katika orodha ya 1855. Odette Kahn alikuwa mhariri wa jarida kuu la mvinyo la Ufaransa. Waandishi wa habari walialikwa pia. Akaja mmoja tu, George Taber wa gazeti la Time, kwa kuwa wengine waliona matokeo yanajulikana kabla ya chupa kufunguliwa.

Spurrier aliongeza jambo moja dogo. Alizificha lebo. Mvinyo mweupe kumi, sita wa California na minne ya Burgundy, kisha mwekundu kumi, sita wa California na minne ya Bordeaux, ukamiminwa bila jina, na kila hakimu akaambiwa atoe alama kati ya 20.

Kilichotokea katika saa zile kingemfurahisha Abunuwasi wa hekaya. Raymond Oliver, mpishi mkuu wa Le Grand Véfour, alionja mvinyo mweupe akashusha pumzi akisema kwamba sasa wamerudi Ufaransa; alichokuwa nacho mkononi kilitoka bonde la Napa. Hakimu mwingine alikitangaza kimojawapo kuwa bila shaka ni cha California, kwa kuwa hakina harufu ya maana, kumbe ni Bâtard-Montrachet, miongoni mwa majina matukufu ya Burgundy. Alama zilipojumlishwa, wa kwanza kwa mweupe ulikuwa Chateau Montelena wa 1973, wa California. Spurrier akayatangaza matokeo hayo kabla ya kuanza mwekundu, hivyo mahakimu wakaingia duru ya pili wakiwa wameshtuka na wakitafuta kwa bidii ni bilauri ipi yenye Ufaransa ndani yake. Hata hivyo wa kwanza ukawa Stag's Leap wa 1973, wa California tena, ukiitangulia Mouton ya 1970, ile ile iliyokuwa imepandishwa daraja miaka mitatu kabla. Odette Kahn aliomba arudishiwe karatasi zake za alama. Hakurudishiwa.

Ni lazima isemwe kwamba tofauti ya Stag's Leap na Mouton ilikuwa alama moja na nusu katika jumla ya mahakimu wote tisa, na wataalamu wa takwimu wameonyesha baadaye kuwa pengo dogo hivyo halithibitishi ubora wa upande wowote. Wafaransa nao walijitetea kwamba mvinyo wao hukomaa taratibu na wakati ungewapa haki yao. Wakati ulipewa nafasi. Tarehe 24 Mei 2006, miaka 30 kamili, mvinyo mwekundu ule ule ulionjwa upya London na Napa, na nafasi tano za kwanza zote zilikwenda California, Ridge Monte Bello wa 1971 ukiwa kileleni. Lakini uzito wa siku ile ya 1976 haumo katika nani alishinda. Mahakimu hawakuwa wajinga wala walevi. Walikuwa ndio waandishi na walinzi wa orodha, na walipoondolewa orodha mbele ya macho, ndimi zao zikatoa hukumu nyingine. Mti wenyewe, kwa vyovyote, ulikuwa umesimama juu ya mizizi ya Kimarekani kwa muda wa karibu karne nzima.

Wapenzi wa ushairi hawana haja ya kwenda Paris kulielewa hili. Miaka hiyo hiyo, nchini Tanzania, ulikuwa ukitokota mgogoro juu ya tungo zisizo na vina na mizani, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974. Kulikuwa na hoja nzito pande zote mbili, na nyingine hazijafa. Lakini barazani, shairi linalosomwa baada ya jina la malenga wake kutajwa huwa limekwisha kupata nusu ya alama zake, na la kijana asiyejulikana huanza likiwa na deni. Mizani ya silabi hupima mshororo bila kumjua mtunzi. Sikio la msikilizaji ni vigumu kulizuia lisijue.

Ulimi nao ni vivyo hivyo, na sayansi imeudhalilisha zaidi. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo. Waliwapa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, na wanafunzi wakaueleza kwa maneno yanayotumiwa kuelezea mvinyo mwekundu. Mwaka 2008 Robert Hodgson, profesa aliyestaafu na mkulima wa mizabibu, alichapisha uchunguzi wa mashindano ya California ambamo mahakimu walipewa, bila kujua, mvinyo wa chupa moja mara tatu. Ni kama hakimu mmoja tu kati ya kumi aliyeshikamana vizuri na hukumu yake mwenyewe.

Mwaka huo huo wa 2008 orodha ilihukumiwa bila hata bilauri. Jarida la Marekani la Wine Spectator hutoa tuzo kwa mikahawa na hoteli zenye orodha bora za mvinyo. Mwenye mkahawa hupeleka orodha yake na kulipa ada, ambayo wakati huo ilikuwa dola 250. Mwandishi Robin Goldstein alipeleka orodha ya mkahawa wa Osteria L'Intrepido wa mjini Milan, na tuzo ikatolewa. Mkahawa huo haukuwapo. Katika sehemu ya chupa za fahari, zile za bei ya juu, Goldstein alikuwa amechagua kwa makusudi mvinyo wa Italia ambao jarida lenyewe lilikuwa limewahi kuupa alama za chini. Wenye jarida walijitetea kwamba mvinyo mwingi katika orodha ile ulikuwa mzuri, kwamba walipiga simu wakaitikiwa na mashine, na kwamba hawawezi kutembelea kila mkahawa. Utetezi huo una ukweli ndani yake, na ndio unaoudhi. Daraja la orodha lilitolewa kwa kusoma majina, kama walivyofanya madalali wa 1855. Ila madalali wale walau walikuwa na bei zilizolipwa kweli mbele ya macho yao.

Swali hili limekwisha kupanda hata juu ya mapaa ya Mji Mkongwe, ambako tangu utalii ulipopanuka katika miaka ya 1980 na 1990, nyumba nyingi za kale zimegeuzwa hoteli na paa la nyumba limekuwa mahali pa meza na viti vya wageni. Ng'ambo ya bahari, katika bara la Tanzania, mkoa wa Dodoma hustawisha mizabibu iliyopandwa kwa juhudi za wamisionari Wakatoliki katikati ya karne ya 20, na jua la huko huwezesha mavuno mawili kwa mwaka, jambo ambalo Bordeaux haiwezi kulipata kwa orodha yoyote. Dodoma haimo katika wino wa mtu. Mgeni anayepitisha kidole juu ya orodha akitafuta jina analolijua atalipita, pengine kwa haki, pengine kwa dhuluma, na hatakuwa na njia ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili maadamu lebo imeelekezwa kwake.

Vannequé, yule kijana wa 1976, aliendelea na mvinyo maisha yake yote. Mwaka 2011 alinunua London chupa moja ya Yquem ya mwaka 1811, mwaka wa kimondo kikubwa chenye mkia, ambao zabibu zake zilisifiwa Ulaya nzima. Chupa hiyo ilikuwa na umri wa miaka 44 wakati madalali walipoliweka shamba lake juu ya mengine yote. Alilipa pauni 75,000, bei ambayo hakuna aliyewahi kuilipia chupa moja ya mvinyo mweupe kabla yake. Alisema ataipeleka katika mkahawa wake kisiwani Bali, na huko itawekwa nyuma ya kioo kisichopenya risasi, wageni waitazame.